Kaka hataki sauti ya marehemu mama isikike tena

Shangazi, shikamoo.

Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa wengine, leo nimeona nami niandike. Ni mama wa watoto wakubwa, naishi Dar es Salaam, ila kwetu ni Tanga, Ngamiani. Mama yetu mzazi alitangulia mbele ya haki mwaka jana. Sasa tunajiandaa kumsomea hitima ya mwaka, na jambo ambalo lingetukutanisha ndilo limetutia mgogoro.

Mama alikuwa nesi mkunga. Aliingia hospitali ya mkoa miaka ya sabini, msichana aliyetoka chuoni, akaondoka pale kwa kustaafu. Ukienda naye sokoni ujue hamrudi mapema. Kila hatua anasimamishwa. "Nesi, huyu ndiye yule uliyemtoa kwa miguu." Ukitazama, anayeonyeshwa ni kijana wa ndevu, kabeba gunia la nazi, anaona haya. Mama anamtazama utosini hadi miguuni, kisha anamgeukia mama wa kijana: "Na ile presha yako, unakunywa dawa?"

Na mama huyuhuyu alikuwa mwimbaji wa taarab. Sisemi alikuwa na jina la Shakila, wala hakuimbia Black Star au Lucky Star, walioifanya Tanga isikike kila pembe. Yeye alikuwa kwenye klabu ya mtaani ya watu wenye kazi zao. Fundi cherehani alipiga fidla, mwalimu wa shule ya msingi ndiye aliyetunga mashairi, na wa gitaa la besi alishinda kiwandani. Waliitwa harusini, Idi, mara nyingine watu wa redio walikuja kuwarekodi. Akitoka zamu ya mchana anavua sare nyeupe, anaoga, anatia wanja, anavaa gauni la kumetameta, huyo anatoka. Jambo moja alilishika sana: siku mzazi akimfia mikononi wodini, haimbi. Hata kama klabu imeshapokea arubuni, watamtafuta mwingine.

Usiku wa manane tulikuwa tukiamka kumkuta ameketi chini na karabai pembeni. Noti alizotunzwa zimekunjwa vipande vidogo, nyingine zimelowa jasho, zote zinanuka udi na manukato ya wanawake waliozishika. Anazikunjua moja moja, anazitandaza mkekani zikauke. Hii ya mafuta ya taa, hii ya madaftari, hii ya bibi. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa themanini, Shangazi, baada ya vita vya Kagera, sukari kwa foleni na sabuni kwa kujuana. Mshahara wa nesi ulikuwa haufiki mwisho wa mwezi. Zile noti ndizo zilizotusomesha.

Hakusalimika na maneno. Mkubwa wake mmoja wa kazi alimwita ofisini akamuuliza mgonjwa aliyemwona jukwaani jana usiku atamheshimu vipi leo akimwona na sindano. Mama alitusimulia huku akicheka, ila kwa miezi kadhaa aliimba huku amejifunika uso nusu kwa mtandio. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa karani bandarini na hakumkataza. Baadaye baba alioa mke wa pili. Mama akaimba wimbo mmoja kwenye harusi Chumbageni ambao mji mzima ulijua unamwendea nani. Hilo lilipita.

Alipostaafu alikwenda kuhiji. Aliporudi hakuimba tena. Tulimuuliza, akajibu sauti imechoka. Hakusema zaidi.

Baada ya maziko tulifungua sanduku lake. Tulikuta vyeti vyake vya uuguzi, kile kifaa cha mbao walichokuwa wakiweka tumboni kusikiliza moyo wa mtoto, na chini kabisa kaseti zimefungwa kwa kanga. Kila moja ameiandika kwa mkono wake: harusi ya nani, mwaka gani, fidla kapiga nani.

Kaka yetu mkubwa, ambaye yumo kwenye kamati ya msikiti, anasema zile kaseti zisichezwe wala zisitolewe kwa mtu. "Mama alimalizana na Mola wake. Mkimsikilizisha watu mnamrudisha alikotoka." Ameandika wasifu wa kusomwa siku ya hitima: nesi, mke, mama, hajati. Kuimba hakumo hata kwa mstari mmoja. Binti yangu naye amepata kijana Kariakoo wa kuzihamishia kwenye kompyuta, na anataka kuziweka YouTube dunia imjue bibi yake. Mimi niko katikati.

Kilichonimaliza ni mdogo wetu wa mwisho. Tulimpigia ili atoe maoni yake. Alitusikiliza tunavyovutana, kisha akasema, "Nyinyi mnagombea nesi na mwimbaji. Mimi sikupata hata mmoja." Akakata simu. Yeye alilelewa na bibi mzaa mama, maana alizaliwa wakati mama yuko zamu za usiku na mwisho wa wiki yuko harusini. Tangu siku hiyo hapokei simu zetu.

Nikinyamaza naona nitakuwa nimeshiriki kumfuta mama nusu. Nikisema, nitaonekana nimevunja undugu mbele ya watu waliokuja kumwombea dua. Kaseti ziko kwangu kabatini. Moja niliijaribu kwenye redio ya zamani ya jirani, sauti ikaburuza, utepe ukanata, nikazima haraka. Nifanye nini, Shangazi?

Mtoto wa Nesi, Tabata


Marahaba, mwanangu. Mola amrehemu mama yenu na awape subira. Barua yako nimeisoma hadi nikaanza kumwona huyo mama, na mkeka wake, na noti zinazokauka. Umeandika kwa mapenzi. Ndiyo maana utanivumilia nikikuuliza maswali ambayo mtu anayekupenda kijuujuu asingekuuliza.

Nikikusoma, naona umenipa kesi ya kaseti: kaka anataka zifungwe, binti yako anataka zitoke, nawe unaogopa kunyamaza na unaogopa kusema. Ila ndani ya barua mna mambo mengine mawili ambayo umeyagusa ukayapita, na mimi ningependa tuanze na hayo.

La kwanza ni mdogo wako. Umesema maneno yake ndiyo yaliyokumaliza, halafu ukarudi kwenye kaseti. Watu wanaposifia mama wa namna ya mama yenu husema aliweza yote, kazi, sanaa na familia. Ni sifa ya kweli. Lakini saa za mtu ni zilezile, na aliyekuwa wodini usiku na harusini Jumamosi, kuna mtoto aliyekuwa akilala bila yeye. Nyinyi wakubwa mlimpata mama akirudi na noti. Mdogo wenu alipata nyumba ya bibi. Kumbukumbu yako ya mkekani ni tamu kwa sababu wewe ulikuwepo chumbani. Yeye hakuwepo, na kila mnapomsimulia uhodari wa mama mbele yake, bila kukusudia mnamhesabia kile alichokosa.

Simlaumu mama yenu. Ningemlaumu vipi, kwa mshahara ule na foleni zile? Mimi mwenyewe nimekulia miaka hiyo, najua sabuni ilikuwa inakatwa kwa uzi. Ninachosema ni kwamba uzani huo ulikuwa na wabebaji wengine, na mkubwa wao ni bibi yenu mzaa mama, ambaye katika barua nzima amepata mistari miwili tu. Je, katika wasifu wa kaka yupo? Katika ule ambao wewe ungeuandika angekuwepo? Naona mdogo wako hajakataa kumkumbuka mama. Huenda anasubiri mtu amuulize yeye anamkumbuka vipi, hata kama atakachosema kitauma. Kumuuliza kuna hatari yake: anaweza kutoa ya moyoni yote, na baadhi yake usipate pa kuyaweka. Kutomuuliza kuna hatari pia, nayo umeshaanza kuiona. Simu hapokei.

La pili ni ule wimbo wa Chumbageni. "Hilo lilipita," umeandika. Limepita kwa nani? Taarab ya kwetu huishi kwa mafumbo, na fumbo likishafumbuliwa na mji mzima halisahauliki kirahisi. Mke wa pili wa baba yenu alikuwa na watoto? Hukusema. Kama wapo, ni ndugu zako wa damu upande wa baba, na watakuja kwenye hitima kama watu wengine. Sasa fikiri: katika kaseti zilizofungwa kwenye kanga, kuna uwezekano mkubwa wimbo huo umo. Binti yako hawezi kuujua kwa kuusikia, maana yeye atasikia shairi tamu na fidla. Watakaoujua ni wale ulioelekezwa kwa mama yao. Ukiwekwa intaneti leo, ile jioni ya Chumbageni itaanza upya, na safari hii mwimbaji hayupo wa kujibu wala kuomba radhi.

Hapo nataka umtazame kaka yako tena. Wewe umemsoma kama mtu anayeona haya kwa kazi ya mama yake. Inawezekana. Ila yeye ni mkubwa. Siku ya harusi ile alikuwa na akili zake timamu. Huenda aliyasikia ya mtaani na shuleni. Huenda baba alimwambia jambo. Mtu wa kamati ya msikiti akitaka kufunga mlango, atatumia maneno ya dini kwa sababu ndiyo maneno aliyonayo mkononi, na nyuma ya maneno hayo kunaweza kuwa na kijana wa miaka kumi na kitu aliyekuwa amesimama katikati ya wazazi wake. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema hujamuuliza, au kama umemuuliza hukuniandikia.

Na inawezekana pia kaka anaamini hasa anachokisema, moja kwa moja, bila siri nyuma yake. Hilo nalo ni la kuheshimiwa. Kuhusu hukumu ya muziki katika dini mimi si wa kutoa fatwa, na wanavyuoni wenyewe wametofautiana tangu zamani. Kama suala ndilo hilo, nendeni wawili kwa shekhe ambaye nyote mnamwamini, msimchague wewe peke yako wala yeye peke yake, mkamweleze kila kitu. Jueni tu kwamba mkienda kuuliza, mmekubali kulisikia jibu.

Sasa niulize kuhusu "sauti imechoka". Kaka amesikia toba. Wewe, nikikusoma vizuri, unasikia mwanamke aliyenyamazishwa. Mimi nasikia sababu nyingine pia. Mkunga aliyemaliza miaka yote ile ya zamu za usiku anaweza kuchoka kweli, koo na magoti. Halafu taarab yenyewe ilibadilika. Miaka ya tisini, vikundi vya TOT na Muungano viliposhindana kwa mipasho ya wazi, na kinanda kikachukua nafasi ya wapigaji wengi, klabu nyingi za mitaani zilikosa mialiko. Mwimbaji aliyezoea fumbo la mwalimu wa shule ya msingi anaweza kutazama jukwaa jipya akaona si lake. Huenda ni Hija, huenda ni umri, huenda ni zama, huenda ni yote. Mama yenu alipewa nafasi ya kueleza akachagua sentensi moja. Watu wa wodi ya wazazi hufundishwa kutunza siri, na naona alijitunzia na yake.

Hata sanduku halisemi kwa upande mmoja. Angetaka kuzitupa kaseti, muda alikuwa nao. Angetaka zisikike, angezicheza nyumbani, au angemwachia mtu maneno. Alifanya jambo la tatu: aliziandika moja moja, akazifunga kwenye kanga, akaziweka chini ya vyeti. Wewe unaona alizihifadhi, kaka anaona alizificha, na kanga ni ileile moja.

Umesema pia kwamba ukinyamaza utakuwa umemfuta nusu. Nimelifikiria sana neno lako hilo la nusu. Wewe mwenyewe umenieleza mwanamke ambaye haimbi siku mzazi amemfia mikononi. Huyo hakuwa na nusu mbili. Aliyekuwa jukwaani alijua nani amelala wodini, na aliyekuwa wodini alishajifunza kusikiliza kwa sikio lililotulia kwenye kile kifaa cha mbao. Basi hata wasifu ukimtaja nesi peke yake, hajakatwa kwa kisu kama unavyoogopa. Lakini nakubaliana nawe kwamba watu wa Tanga watakaosikiliza wasifu huo watasubiri kitu kisichokuja, na ukimya wa aina hiyo husikika kuliko tangazo.

Tuje kwenye kaseti zenyewe, maana hapa kuna jambo ambalo halingoji mjadala wenu uishe. Kuziokoa ni uamuzi mmoja, na kuzisikilizisha watu ni uamuzi mwingine. Nyinyi mmezifunga pamoja, ndiyo maana kila mtu amekaza.

Kaseti haikutengenezwa ikae miaka arobaini kwenye joto na unyevu wa pwani. Sauti imebebwa na unga wa madini uliogandishwa kwa gundi juu ya utepe mwembamba. Gundi ikilegea utepe unanata, kama ulivyoona kwa jirani, na ukiendelea kuulazimisha unga hubanduka ukabaki kwenye hedi ya redio, na sauti imekwenda nao. Ukungu nao huingia taratibu. Kile kisponji kidogo kinachokandamiza utepe nacho huanguka. Kwa hiyo, wakati mnaendelea kuelewana, ziweke pakavu, zisimame wima kama vitabu, mbali na spika na injini za umeme. Tazama zile pembe mbili za juu za kila kaseti: kama vijino vya plastiki bado vipo, vivunje, mtu asije akarekodi kitu juu ya mama yenu kwa bahati mbaya. Na funika ya kila kaseti ipige picha, maana mwandiko wake ni sehemu ya kumbukumbu kama sauti.

Mnaweza kukubaliana zihamishiwe kwenye kompyuta na zisichezwe kwa mtu yeyote, nakala moja kwa kaka, moja kwako, moja kwa mdogo wenu. Kijana wa Kariakoo mwulize kwanza kama ana deki nzuri na anasafisha hedi kila kaseti, na umwombe mafaili makubwa ya WAV kabla hajakutengenezea yale madogo ya kutumiana simuni. Hatari ya njia hii unaijua: kijana anasikia kila kitu anapohamisha, na faili likishakuwepo hutembea. Na ukifanya kimya kimya bila kaka kujua, hata kwa nia njema, utakuwa umempa sababu ya kutokuamini tena. Kumweleza kabla kunaweza kuleta "hapana". Lakini "hapana" ya kuhamisha ni tofauti na "hapana" ya kusikilizisha, na sidhani kama amewahi kuulizwa hizo mbili kwa kuzitenganisha.

Binti yako ana hamu nzuri, na ningekuwa wewe nisingemvunja moyo. Ila ajue kwamba sauti ya bibi yake haiko peke yake mle. Kuna shairi la mwalimu, kuna fidla ya fundi cherehani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, na inawatambua waimbaji na wapigaji pia. Zaidi ya sheria kuna adabu: wapo watoto na wajukuu wa watu hao, na wenyewe pengine wanatafuta sauti za wazee wao bila kujua ziko kabatini Tabata. Kutafutana nao kutachukua muda, na muda huo unaweza kukufaa. Rekodi zile za redio ni jambo jingine. Kanda za iliyokuwa Redio Tanzania Dar es Salaam ziko TBC, na kama klabu yao iliingia huko, basi huenda tayari kuna nakala isiyomtegemea kaka wala wewe.

Kuna njia nyingine ambayo naishangaa kwamba hakuna kati yenu aliyeitaja. Kaka anapinga sauti. Hukuniambia kama anapinga habari. Siti binti Saad, mwuza vyungu wa Fumba aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alifariki mwaka 1950, na wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert, mtu wa Tanga kwenu huko, ambaye si mtu wa kuitwa mpuuzi wa dini. Aliandika maisha ya mwimbaji kwa heshima zote, na msomaji hahitaji santuri ili amjue Siti. Nawe umeniandikia kurasa hizi bila kunichezea wimbo hata mmoja. Mtu asiyetaka kusikia sauti ya mama yake ikiimba anaweza akavumilia kusoma kwamba noti zile zilimnunulia madaftari. Au asivumilie. Lakini kijitabu cha familia, chenye bibi ndani, chenye wodi na jukwaa, na ukurasa ambao mdogo wenu ameuandika kwa mkono wake apendavyo, ni kitu mnachoweza kubishana juu yake mstari kwa mstari. Kaseti huwezi kubishana nayo hivyo, ama inachezwa ama haichezwi.

Siku ya hitima yenyewe ni siku ya dua. Ukisimama pale kurekebisha wasifu wa kaka mbele ya watu, hata ukiwa na haki, watu watakwenda nyumbani na ugomvi wenu badala ya mama yenu. Wengine huwa na kikao chao cha wanawake baada ya siku hiyo, ndani, bila vipaza sauti, na huko kila mmoja husimulia anachokijua. Waliozalishwa na mama yako watakuwa na yao, na walioimbiwa kwenye harusi zao watakuwa na yao, na wengi watakuwa ni watu walewale. Hatari ya kikao hicho ni kwamba kaka anaweza kukiona ni mkutano wa kumpinga. Mkewe akialikwa mapema, na akapewa la kufanya, habari zinaweza kufika nyumbani kwake kwa sura nyingine.

Na ipo njia ya kuacha. Kutofanya lolote mwaka huu, kusoma hitima, kula pilau, kurudi Dar es Salaam. Usiidharau. Kuna familia huhitaji mwaka wa pili. Gharama yake ni utepe unaozidi kunata na wazee wanaozidi kupungua, na hilo hakuna atakayekurudishia.

Ambacho sitakuambia ni lipi mama yenu angelipenda. Simjui, na wewe unayemjua umenipa dalili zinazokwenda pande mbili. Ninachoweza kukuambia ni kwamba, nikitazama barua yako, watu watatu hawajaulizwa swali sahihi. Kaka hajaulizwa alichokiona siku za ule wimbo. Mdogo wako hajaulizwa maisha ya kwa bibi yalikuwaje. Na katika ile klabu ya mtaani, umenitajia fundi, mwalimu na wa gitaa la besi, lakini lazima kulikuwa na mwanamke mwingine jukwaani, mwitikiaji, aliyekuwa akibadilisha nguo chumba kimoja na mama yenu. Kama bado yu hai atakuwa mtu mzima sana. Anaweza kujua kwa nini sauti ilichoka, na anaweza kukuambia kaseti ipi ina nini ndani yake kabla mtu hajabonyeza kitu. Mkienda Tanga kwa hitima, nenda kamsalimie siku ya kwanza, usisubiri shughuli iishe. Mpelekee kanga na sukari, keti naye, na kama kaka atakubali kufuatana nawe, msindikizane.